Komplementi si nyongeza

Familia ikishuka kutoka Bijombo, ambako milima inapita mita 2,000 na baridi haiwapi mbu nafasi, ikakaa bonde la Ruzizi au kando ya ziwa pale Uvira, watoto ndio wa kwanza kupatwa na palu, yaani malaria. Wengi hupona. Baadhi hupungukiwa damu vibaya mno, na chembe nyekundu zinazopotea si zile tu zenye vimelea. Hupotea pia nyingi ambazo kimelea hakijaingia kamwe.

Nani anaziua? Sehemu ya jibu imo katika istilahi ambayo waandishi wa Kiswahili tunaikwepa: komplementi. Ni protini zaidi ya 30 za damu, nyingi zikitengenezwa na ini. Zikiamshwa, moja huikata ya pili, nayo ya pili huikata ya tatu, hadi zile za mwisho, C5 mpaka C9, zitoboe utando wa bakteria. (C4 hufanya kazi kabla ya C2, kwa kuwa namba zilifuata zamu ya kugunduliwa. Wanafunzi wa udaktari wanateseka bure.)

Mwaka 1895, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Mbelgiji Jules Bordet alionyesha kwamba seramu yenye kinga ikipashwa moto, nyuzi 56 hivi, haiui tena bakteria. Ukiitilia seramu mbichi kidogo, hata ya mnyama asiye na kinga hiyo, nguvu inarudi. Bordet aliita kitu hicho aleksini, yaani kilinzi, jina alilolitunga Hans Buchner. Mjerumani Paul Ehrlich akaja na komplementi: kinachokamilisha kazi ya kingamwili. Tuzo ya Nobel ya 1919 ilikwenda kwa Bordet, jina likabaki la Ehrlich. Kwangu mimi, aleksini lilikuwa jina bora. Mwaka 1954 Louis Pillemer alitangaza protini ya damu aliyoiita propadini, akidai kwamba mfumo huu unaweza kuamka bila kingamwili yoyote. Wengi walimpinga, na baadaye ikathibitika kuwa alikuwa sahihi.

Ndiyo maana sikubali tafsiri ya “kijalizo”, ambayo wanasarufi wameshaichukua, wala “nyongeza”. Hii ya pili ina madhara. Chukua mtoto mwenye upele uliooza kwa bakteria wa streptokoki. Wiki chache baadaye anaamka uso umevimba, mkojo una rangi ya chai kavu. Maabara kubwa ikipima C3, inaikuta chini. Munganga akisema “nyongeza imepungua”, mama ataomba dawa ya kuiongeza, na atakuwa na haki. Kumbe C3 imepungua kwa sababu inatumika kupita kiasi, nyingine imenasa kwenye vichujio vya figo na kuchochea uvimbe. Kwa kawaida hurudi yenyewe ndani ya wiki nane hivi. Aambiwe tu: komplementi imeamka, inaunguza figo.

Istilahi ya pili tunayoihitaji ni vidhibiti. Komplementi ni kama askari wa bariere asiyemjua mtu: chembe ya mwili isiyo na karatasi yake haipiti. Karatasi hizo ni protini kama CD55, CD59 na CR1 juu ya chembe, pamoja na kidhibiti H kinachozunguka katika damu. Mwaka 2000 John Waitumbi, José Stoute na wenzao walichapisha uchunguzi wa watoto wa magharibi mwa Kenya waliopungukiwa damu sana kwa malaria: chembe zao nyekundu zilikuwa na CR1 na CD55 kidogo kuliko za watoto wengine. Kidhibiti H kikiwa na kasoro ya kurithi, mishipa midogo ya figo huziba kwa damu iliyoganda, nazo chembe nyekundu hupasuka zikipita humo.

Kwa dawa, napendekeza “kizuia komplementi”. Ya kwanza ya aina hiyo, ekulizumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2007 kwa ugonjwa ambao chembe nyekundu hukosa CD55 na CD59, kisha 2011 kwa ule wa kuziba mishipa ya figo. Inafunga C5, na bei yake ilikuwa miongoni mwa za juu kabisa duniani. Mgonjwa huchanjwa kwanza dhidi ya meningokoki, kwa sababu bakteria huyo ndiye hasa anayeuawa na C5 mpaka C9.