Jambula Tree
Hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda kuhusu mapenzi ya wasichana wawili. Ilitoka mwaka 2006 katika mkusanyiko uliohaririwa na Ama Ata Aidoo, ikashinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Mandhari yake ni Nakawa, jirani na Naguru, mitaa ambayo nyumba zake za umma zilibomolewa mwaka 2011. Anyango anamwandikia barua mpenzi wake Sanyu, aliyepelekwa London baada ya jirani kuwafumania. Uzito mkubwa wa hadithi umo katika sauti: apendaye anajisimulia mwenyewe, umbea wa mtaa ukibaki nyuma. Mwongozaji wa Kenya Wanuri Kahiu aliitohoa kuwa filamu Rafiki (2018). Kenya iliipiga marufuku. Mahakama ikairuhusu kwa siku 7, na watazamaji wakafurika kumbini Nairobi.