Kadi, Chipu na Bisibisi: Historia ya Kuiongezea Nguvu Kompyuta ya Gemu

Desturi ya kuifungua kompyuta ya gemu, kung'oa kipuri kimoja na kupachika kingine chenye nguvu zaidi, ilitokana na mashine iliyoundwa kwa ajili ya kazi za ofisi. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilitoa PC yake ya kwanza, yenye prosesa ya Intel 8088 inayokwenda kwa megahezi 4.77. Ndani ya boksi lake mlikuwa na sloti tano za kupachikia kadi. Moja ilichukuliwa na kadi ya skrini, nyingine na kadi ya kusomea disketi, na zilizosalia mwenye mashine alizitumia apendavyo. IBM ilichapisha pia kitabu cha ufundi kilichoonyesha michoro ya saketi na hata maandishi ya BIOS, yaani programu inayoiamsha mashine.

Wazo la sloti lilikuwapo kabla ya IBM. Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa nazo nane, kwa sababu Steve Wozniak alizishikilia pale Steve Jobs alipoona mbili zinatosha. Lakini mashine iliyoigwa na ulimwengu mzima ni ile ya IBM. Mwaka 1983 Compaq ilianza kuuza kompyuta iliyoendesha programu zilezile kwa BIOS iliyoandikwa upya, ili kuikwepa sheria ya hakimiliki. Wengine wakafuata, na baada ya miaka michache kadi ya kampuni moja ikawa inakaa vizuri ndani ya boksi la kampuni nyingine. Hapo ndipo soko la vipuri lilipozaliwa, na mchezaji akapata mahali pa kuanzia.

Mwanzoni hakuhangaika na kasi. Alichokikosa kilikuwa rangi na sauti. Kadi ya CGA iliyokuja na PC ilionyesha rangi nne tu kwa wakati mmoja katika gemu nyingi, na spika ya ndani ilijua kulia "bip" basi. Mwaka 1987 IBM ilileta VGA, yenye rangi 256 katika picha ya nukta 320 kwa 200, na mwaka huohuo kampuni ya AdLib ya Québec, Kanada, ikaanza kuuza kadi ya muziki iliyotumia chipu ya Yamaha. Miaka miwili baadaye Creative, kampuni ya Sim Wong Hoo wa Singapore, ilitoa Sound Blaster. Kadi hiyo ilipiga muziki uleule wa AdLib, ikaongeza sauti zilizorekodiwa, na juu yake ikaweka tundu la kuchomekea joistiki. AdLib ilifilisika mwaka 1992.

Kuipachika kadi ya namna hiyo kulitaka uvumilivu. Mtu alihamisha vijampa kwa kibano ili kadi mbili zisigombee njia moja ya kuiita prosesa, kisha akahariri mafaili ya DOS mstari kwa mstari ili kuipata nafasi ya kutosha katika kilobaiti 640 ambazo programu za DOS ziliruhusiwa kuzitumia. Gemu nyingi zilikataa kuwaka kwa kukosa kilobaiti chache tu, huku megabaiti nzima za RAM zikikaa bure juu ya mpaka huo. Kizazi cha wachezaji kilijifunza ufundi wa kompyuta kwa njia hiyo, kwa sababu gemu haikuwaka mpaka fundi apatikane, na fundi alikuwa mchezaji mwenyewe.

Suala la ulaini wa mwendo lilikuja na Doom, iliyotolewa na id Software ya Texas tarehe 10 Desemba 1993. Masharti yake yalikuwa prosesa ya 386 na RAM ya megabaiti nne, lakini 386 iliiendesha kwa kukwamakwama. Mwenye nayo alilazimika kulipunguza dirisha la mchezo hadi likabaki kijisanduku katikati ya skrini. Ili mchezo ufikie fremu 35 kwa sekunde, ambazo ndizo ukomo wa Doom yenyewe, ilihitajika 486 ya megahezi 66 na kadi ya picha iliyounganishwa na prosesa kwa njia pana kuliko zile sloti za zamani. Maduka ya kompyuta yakaanza kupokea wateja waliotaja jina la gemu kabla ya kutaja kipuri.

Gemu nyingine ya kampuni hiyohiyo, Quake ya mwaka 1996, ilifundisha somo gumu zaidi. Wakati huo prosesa ya Cyrix 6x86 ilikuwa ikiuzwa kwa bei nafuu kuliko Pentium ya Intel, na katika kazi za ofisi iliweza kuishinda. Watengenezaji waliipa namba ya kujilinganisha: ile iliyoandikwa 166 ilikwenda kwa megahezi 133 tu, na kwa hesabu za kawaida namba hiyo haikuwa uongo. Lakini Quake ilichora kuta zake kwa hesabu za desimali, na waandishi wake walikuwa wameipanga kazi hiyo ifuate hasa jinsi Pentium inavyogawanya namba za desimali huku ikifanya mambo mengine. Kwenye hesabu hizo Cyrix ilikuwa dhaifu. Waliojiona wamepata nafuu dukani walifika nyumbani wakakuta mchezo unasuasua. Msafara huenda kwa mwendo wa aliye nyuma, na kompyuta nayo ni hivyo: kipuri kinachoamua kasi ni kile kinachosubiriwa na vingine, hata kama lebo yake inavutia.

Mwaka huohuo kazi ya kuchora ilianza kuondolewa kwenye prosesa. Kampuni ya 3dfx Interactive ilikuwa imeanzishwa California mwaka 1994 na wahandisi waliopitia Silicon Graphics, ambako mashine za kuchora picha za pande tatu ziliuzwa kwa bei za nyumba. Chipu zao zilihitaji kumbukumbu nyingi, na kwa bahati yao bei ya RAM ilianguka vibaya mwaka 1996. Hivyo kadi za Voodoo zikawafikia wachezaji kwa takriban dola 300. Zilikuwa kadi za ajabu kidogo. Hazikuweza kuonyesha hata ukurasa wa barua: kadi ya zamani ilibaki mahali pake, waya mfupi ukatoka humo kuingia kwenye Voodoo, kisha skrini ikachomekwa kwenye Voodoo. Gemu ilipoanza, kadi mpya ilinyakua skrini. Kwenye toleo moja, Righteous 3D la kampuni ya Orchid, mlio wa swichi ulisikika kabisa ndani ya boksi. Mapema 1997 id Software ilitoa Quake iliyorekebishwa kwa kadi hizo. Kuta zilizokuwa na vipande vya mraba zikalainika na mwendo ukawa mwepesi. Hakuna kipuri kingine katika historia hii kilichobadilisha kitu kinachoonekana kwa macho kwa kiasi hicho siku moja.

3dfx haikudumu. Mwishoni mwa 1998 ilikubali kuinunua STB, kampuni ya kutengeneza kadi, ikaamua kujitengenezea kadi zake yenyewe, na kwa uamuzi huo ikawageuza wateja wake wa jana kuwa washindani. Wengi wao walihamia kwa NVIDIA, iliyoanzishwa mwaka 1993, ambayo mwaka 1999 ilitoa GeForce 256 na kuipa chipu yake jina la GPU. Desemba 2000 NVIDIA ilikubali kununua mali kuu za 3dfx. Mshindani aliyesalia, ATI ya Kanada, alinunuliwa na AMD mwaka 2006, na tangu hapo mtu anayebadilisha kadi ya picha huchagua kati ya nyumba mbili, na Intel ambayo imejaribu kujipenyeza kuanzia 2022.

Wapo waliopata kasi bila kununua kipuri cha bei kubwa. Agosti 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya watu wa bajeti ndogo, kwa dola 149, siku ileile ilipotoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669. Celeron iliyotangulia ilikuwa imedharauliwa kwa kukosa kache ya nje, yaani akiba ndogo ya kumbukumbu iliyo jirani na prosesa. Safari hii Intel ilirekebisha kosa kupita kiasi. Iliweka kilobaiti 128 za kache ndani ya chipu yenyewe, zikienda kwa kasi kamili ya prosesa, wakati zile 512 za Pentium II zilikwenda kwa nusu ya kasi. Mwendo wa chipu ulipatikana kwa kuzidisha mapigo ya bodi mara nne na nusu. Aliyepandisha mapigo hayo kutoka megahezi 66 hadi 100 alitoka 300 akafika 450, na chipu nyingi zilistahimili zikiwa na feni ya kawaida. Tangu hapo mashabiki wakawa na mazoea ya kuitafuta chipu ya bei ya chini iliyo ndugu wa chipu ya bei ya juu.

Katika miaka hiyo yote ulaini ulipimwa kwa hesabu moja: wastani wa fremu kwa sekunde. Hesabu hiyo ina tundu. Sekunde yenye fremu 59 zilizopita ndani ya milisekunde 800, na moja iliyochukua milisekunde 200 peke yake, bado ina fremu 60, lakini macho yameona picha imeganda. Tatizo lilijitokeza zaidi baada ya 2004, NVIDIA iliporudisha mtindo wa kuunganisha kadi mbili, uliowahi kutumiwa na 3dfx. Kadi zilipeana zamu ya kuchora fremu, idadi ikapanda, ila fremu zilikuja mbilimbili na pengo baada yake. Wenye kadi mbili walilalamika kuwa mchezo unatetemeka, na vipimo vikawaambia kompyuta zao ni za kasi kuliko zote. Vipimo ndivyo vilivyokosea. Mwaka 2011 Scott Wasson wa tovuti ya The Tech Report alianza kuchapisha muda wa kila fremu badala ya wastani, na kufikia Agosti 2013 AMD ilikuwa imetoa programu ya kupanga mwendo wa fremu katika kadi zake pacha. Mwaka huo pia NVIDIA ilitangaza G-Sync, inayoifanya skrini ingoje fremu ikamilike badala ya kujionyesha upya kwa saa yake yenyewe. Uunganishaji wa kadi mbili ulikufa polepole, na haukuliliwa na wengi.

Diski za SSD, zilizoanza kuwavutia wachezaji na Intel X25-M ya mwaka 2008, ziliondoa aina nyingine ya kukwama: ile inayotokea pale gemu inaposubiri kichwa cha diski ya zamani kitafute picha za eneo jipya. Faida yake haionekani kwenye wastani wa fremu, lakini aliyezoea SSD harudi nyuma.

Kisha bei zikaharibika. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizikomba kadi za picha mwaka 2017, wakarudi kwa nguvu zaidi 2021. GeForce RTX 3080, iliyotangazwa Septemba 2020 kwa dola 699, ikawa inauzwa na walanguzi kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Shinikizo lilipungua sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022. Wenye mifuko midogo walikuwa na njia yao tangu zamani: kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama zile za kutoka Ulaya na Marekani zinazouzwa kwa wingi Nairobi na Dar es Salaam, ikawekewa kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Sloti ya PCI Express hutoa hadi wati 75, na GeForce GTX 750 Ti ya mwaka 2014 ilihitaji 60 tu, hivyo pawasaplai dhaifu ya ofisi iliimudu. Kikwazo huwa ukubwa wa boksi. Maboksi membamba hayapokei kadi ya kimo cha kawaida, na asiyepima kwanza hurudi dukani na kadi mkononi.

Mwaka 2022 kache iliamua tena mambo, kama ilivyokuwa kwa Celeron. Aprili mwaka huo AMD ilitoa prosesa ya Ryzen 7 5800X3D, yenye megabaiti 96 za kache baada ya tabaka la ziada kubandikwa juu ya chipu. Mapigo yake yalikuwa ya chini kuliko ya 5800X ya kawaida, lakini katika gemu nyingi iliipita kwa mbali. Iliingia kwenye soketi ya AM4, na bodi nyingi zilizonunuliwa 2017 ziliipokea baada ya kuwekewa BIOS mpya. Septemba 2022 AMD ilileta soketi ya AM5, inayokubali RAM ya DDR5 peke yake, na anayehamia huko kutoka AM4 hununua prosesa, bodi na RAM kwa pamoja.