Familia Nzima Imechonga, Jina la Nani Limeandikwa?

Wasee, kuna sanamu moja ambayo lazima umeshaiona. Watu wanne au watano wameshikana kwa duara, vichwa vimeinama, wote wametoka kwa jiwe moja bila gundi wala kiungo. Iko kwa meza ya ofisi fulani unayoijua. Iko Maasai Market. Iko kwa maduka ya zawadi. Watalii huiita "familia". Igeuze uangalie chini: mara nyingi utapata neno moja tu, Kenya.

Leo nasema hivi: hiyo sanamu ya familia imetengenezwa na familia. Ya ukweli, yenye majina. Na sisi tumezoea kuiuza kama kitu kilichookotwa njiani.

Jiwe lenyewe linatoka Tabaka, South Mugirango, Kaunti ya Kisii. Mimi ni wa Nyamira. Huku kwetu ni majani chai na ndizi, hilo jiwe hatuna. Lakini zamani Nyamira na Kisii zilikuwa wilaya moja, na hadi leo ukisema wewe ni Mkisii, mtu akishamaliza utani wa ndizi anakuuliza kama unajua kuchonga. Kwa hivyo hii stori inatuhusu sisi wote.

Jiwe la sabuni linaitwa hivyo kwa sababu ni laini na lina utelezi ukilishika. Unaweza kulikata kwa msumeno na kulichonga kwa panga na kisu. Lipo jeupe, la waridi, la kijivu, la manjano. Wazee wetu hawakungoja mtalii ndio walitumie. Walichonga bakuli na viko vya tumbaku, na unga wake mweupe ulipakwa mwilini wakati wa sherehe. Kwa hivyo mtu akikuambia uchongaji wa Kisii ulianza na wazungu, mwambie akae chini kwanza.

Kilichokuja na utalii ni soko kubwa, na soko likapanga boma upya. Kwa kawaida wanaume ndio huchimba jiwe kwa machimbo na kuchonga umbo. Halafu kazi inaingia mikononi mwa akina mama. Wanaliloweka, wanalisugua kwa msasa na maji, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila msasa laini kuliko wa kwanza, hadi zile alama za kisu zipotee. Halafu linakauka, linapakwa rangi, linachorwa maua au pundamilia, linapigwa nta liang'ae. Vijana wako hapo katikati, wakirudi shule wanashika brashi.

Sasa niambie, hapo msanii ni nani? Ukiniuliza, ni boma zima. Babu alimfundisha baba, baba anamfundisha kijana, na mama ndiye anaamua kama jiwe litang'aa ama litabaki jiwe. Na kwa Ekegusii, kama hukujua, "baba" maana yake ni mama. Kwa hivyo tunaposema kazi ya baba, tuwe makini tunamaanisha nani.

Kuna mtu mmoja kutoka Tabaka ambaye jina lake lilitoboa. Elkana Ong'esa, aliyezaliwa 1944, katika familia ya wachongaji. Alisoma Makerere, akaenda McGill kule Montreal, Kanada. Sanamu yake ya Ndege wa Amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Mwaka 2014, Kenya ilipoalikwa kwenye tamasha la Smithsonian pale Washington, Ong'esa alikuwa huko, watu wakimwona akifanya kazi. Jiwe ni lilelile. Kijiji ni kilekile. Tofauti ni kwamba huyu, ukiona kazi yake, unaambiwa ni ya nani.

Simwonei wivu hata kidogo. Nauliza tu kwa nini awe mmoja wa wachache sana, na Tabaka imejaa maboma ya wachongaji.

Hii vita ya majina si ya Kisii peke yake. Nairobi ilishaipigana. Mwaka 1965 Elimo Njau na wenzake walifungua Paa ya Paa, nyumba ya sanaa ya Waafrika wenyewe, na Njau alikuwa na msimamo mkali: msanii asinakili. Hapo ndipo Samwel Wanjau alipata nafasi. Wanjau alikuwa msituni wakati wa Mau Mau, baadaye akachonga vitu vya kuuzia watalii, vile vya kurudia rudia. Paa ya Paa ikamchukulia kama mchongaji mwenye mawazo yake. Alipofariki 2013 alikuwa kati ya wachongaji wanaoheshimika zaidi nchini, na wanawe Anthony na Jackson pia ni wachongaji. Ona hiyo: mikono haikubadilika. Kilichobadilika ni nyumba iliyompokea na jina lililowekwa kando ya kazi.

Majirani wetu Tanzania nao wana somo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam kama 1968, kwa rangi za mafuta juu ya vibao vya mraba. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu. Miaka minne hivi tu ya kuchora. Kazi ingekufa naye, lakini alikuwa ameshafundisha kikundi kidogo, wengi wao jamaa zake: Simon Mpata, January Linda, Kasper Tedo na wengine. Waliendelea pamoja, na 1990 wakawa na ushirika rasmi. Lakini cheki picha ya Tingatinga kwa kona ya chini: kuna sahihi ya mchoraji. Mtindo ni wa ukoo, jina la ukoo liko, na jina la mtu liko pia. Kumbe inawezekana kubeba yote mawili.

Najua kuna mtu anaandika komenti sasa hivi: "Bro, oda ya viboko mia tano wa kufanana, utaandika majina mangapi? Watu wanataka karo, si umaarufu." Hiyo point naikubali nusu. Oda kubwa ndizo zinalipa bili, na hakuna mtu atakula sahihi. Lakini fikiria broka. Nguvu yake yote ni kwamba wewe mnunuzi hujui boma lililotengeneza, na boma halijui wewe ulilipa ngapi. Jina likiwa chini ya jiwe, kuna siku mteja atarudi kumtafuta mwenye jina. Bila jina, anarudi kwa broka. Hiyo ni hesabu ya karo pia.

Na serikali isijifanye haihusiki. Katiba ya 2010 iliwapa magavana kazi ya utamaduni, pamoja na makumbusho na maktaba za kaunti. Kifungu cha 11 kinataka sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa, na sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi ikapitishwa 2016. Karatasi ziko. Kinachotakikana Kisii, na Nyamira pia, ni ukumbi mmoja wa watu, hata kama ni darasa la zamani lililopakwa chokaa. Kila mwezi boma moja linaonyesha kazi zake zote pamoja: bakuli la babu, sanamu ya baba, michoro ya msichana wa form three. Na ukutani kuandikwe nani alichimba, nani alichonga, nani alipiga msasa, nani alichora. Kila mmoja, jina kamili.

Nimeacha chuo, sina digrii ya sanaa ya kuwatisha nayo. Lakini kusoma majina ukutani hakuhitaji digrii.

Mpaka huo ukumbi ufunguliwe, kuna kitu unaweza kufanya na simu uliyoshika. Ukinunua jiwe la Kisii, muulize muuzaji linatoka kwa nani. Asipojua, mwambie aulize. Na kama wewe ni wa Tabaka na unasoma hii, piga picha ya boma lako likiwa kazini, tag kila mtu. Anza na mama mwenye msasa.