Wimbo na Chombo cha Kuuandikia

Wimbo ni mali nyepesi kuchukua na nyepesi kupoteza. Mtu hubeba nyimbo mia kichwani asione uzito wake, lakini siku afapo, zile ambazo hakumfundisha mtu hushuka naye kaburini. Kwa sababu hiyo watu wapendao nyimbo zao wametafuta njia ya kuziandika. Nawe kijana, ambaye leo waweza kuandika muziki kwa kidole juu ya kishikwambi, yafaa ujue njia hiyo ilikotoka kabla hujachagua chombo chako.

Tuanze Ruring'u, katika mji wa Nyeri. Desemba 1963, Kenya ilipokwisha kupata uhuru, wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakakusanyika katika uwanja wa hapo ili waweke silaha chini. Vita vyao vilikuwa na nyimbo. Vijitabu vya nyimbo za siasa vilivyochapwa kwa Kikikuyu kabla ya hali ya hatari ya 1952 vilibeba maneno, na mengi ya maneno hayo yaliimbwa kwa mahadhi ya nyimbo za kanisani. Haikuwa lazima kuyachapa mahadhi, maana kila mtu aliyajua. Lakini wimbo wenye mahadhi mapya hauwezi kutegemea bahati hiyo. Maneno yake yakibaki peke yake, ni kama mzinga uliohamwa na nyuki.

Elimu ya kuandika mahadhi ni ya kale. Katika karne ya 11, mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alipanga sauti juu ya mistari, na baadaye ikawa mistari mitano tuijuayo. Katika karne ya 19, mwalimu Sarah Glover wa Uingereza alibuni njia nyepesi ya herufi, na John Curwen akaitengeneza na kuieneza. Hiyo ndiyo solfa. Wamisionari na walimu waliileta Afrika, na kwaya zikaipenda, kwa kuwa haidai zaidi ya ubao na chaki. Mwaka 1897 mwalimu Enoch Sontonga wa Johannesburg alitunga kwa solfa wimbo ambao mahadhi yake yamo leo katika wimbo wa taifa wa Tanzania. Alitunga na nyimbo nyingine, lakini nyingi zimepotea. Ule uliopokewa na kwaya nyingine ulivuka mipaka ya nchi.

Kenya nayo ilipohitaji wimbo wa taifa, kazi ilikabidhiwa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichukua mahadhi ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Wimbo uliolala karibu na kitanda cha mtoto uliandikwa, hata kwaya ikaweza kuuimba na bendi ikaweza kuupiga.

Hapo ndipo penye kazi ngumu. Uzuri wa solfa ni kwamba do haina makao. Waimbaji wa sauti ya kwanza wakishindwa kufika juu, mwalimu hubadili alama moja tu kichwani mwa karatasi. Do hushuka, na sauti zote huifuata kama vifaranga wamfuatavyo mama yao. Katika mistari mitano sivyo. Kila nota ina mahali pake, na kuhamisha wimbo ni kuziandika upya zote. Tena vyombo vingine vina desturi yao. Mpiga tarumbeta ya kawaida ya bendi akisoma C, sauti itokayo iko chini kwa toni moja. Basi lazima aandikiwe toni moja juu, ama sivyo atagombana na kinanda.

Kazi hiyo, iliyomkesha mwandishi usiku kucha, programu huifanya kwa kugusa mara moja. Finale ilitokea 1988, Sibelius 1993, kisha zikaja nyingine, kama MuseScore ya kompyuta, ambayo hailipiwi. Mwaka 2021 Sibelius na Dorico zilifika katika iPad. Lakini sikia yaliyoipata Finale. Agosti 2024 wenye kuitengeneza walitangaza kwamba hawataiendeleza tena. Watu waliokuwa wameweka humo kazi ya miaka mingi iliwabidi wafikiri namna ya kuihamisha.

Kwa hiyo uchaguapo, usivutwe kwanza na uzuri wa sura. Uliza mambo matatu. Kwanza, je, programu hutoa hati ya MusicXML, iliyobuniwa ili programu mbalimbali zisomane? Pili, je, hutoa karatasi ya kuchapa, asome na yule asiye na kishikwambi? Tatu, je, yakuruhusu kuandika solfa chini ya nota, kwa ajili ya wanakwaya waijuao hiyo tu? Usiamini tangazo. Andika wimbo mfupi, utoe nje, kisha uufungue katika programu nyingine. Ukifika mzima, chombo kinafaa.

Wala usiiachie mashine hukumu. Ukishusha wimbo kwa huruma ya sauti ya kwanza, huenda besi wakatumbukia mahali wasipofika. Programu huhamisha nota, haihamishi koo. Kwa hiyo imbisha kwanza, ndipo uchape.

Ukiwa na mzee nyumbani mwenye wimbo ambao hujausikia kwingine, mwombe ruhusa, uuandike wiki hii, na nakala umpe mwalimu wako wa muziki. Vyombo huja na kupita. Chombo chema ni kile ambacho wimbo ukiingia, waweza pia kutoka.