Pamba ya mabwe

Leo siandiki juu ya mbegu. Naandika juu ya kitu nilipandisha kwa mikono yangu juu ya plafon ya mama, hapa Goma, na kikaniwasha siku tatu.

Kinaitwa pamba ya mabwe. Ni vipande vinene kama godoro, ambavyo kule Ulaya wanavipanga katikati ya mbao za paa ili joto isitoke mu nyumba. Miye nilivipata pahali nilifanya staji: walikuwa wanabomoa chumba cha baridi cha mbegu ya viazi, wakataka kuvitupa. Nikaomba. Mama aliponiona napandisha, akauliza: «Baba, pamba wanawekea maiti. Miye unaniwekea juu ya kichwa kwa nini?»

Jibu yake iko ndefu, na inaanzia kwa volkano. Mlima ukitapika, matone ya lava yanavutwa na upepo yakingali laini, yanakuwa nyuzi nyembamba kama nywele. Kule Hawaii wanaziita nywele za Pele, jina la mungu wao mwanamke wa volkano. Ndugu zetu wa upande wa Nyamulagira wanazijua pia. Zinaanguka juu ya majani, na ng'ombe akila majani ile, ni kama anakula kioo. (Sisi wa agronomi ilipashwa tuwe tumeandika mengi juu ya hii. Tuache.)

Watu wakaiga mlima. Mwaka 1840, kule Wales, Edward Parry alipata nyuzi kutoka masalia ya chuma iliyoyeyushwa. Lakini hakukuwa namna ya kuzizuia: kaupepo kadogo tu, zinaruka mu kiwanda chote. Zikaumiza wafanyakazi, kazi ikaachwa. Niliposoma ile, nilijikuna tena. Mwaka 1871 Wajerumani wa Georgsmarienhütte wakaitengeneza kwa biashara. Mwaka 1897, Charles Corydon Hall akaanza kuyeyusha mawe yenyewe mu mji wa Alexandria, Indiana, Marekani. Na mwaka 1937 Wadenmark wakaanza kiwanda chao cha Rockwool kule Hedehusene. Jiwe, hasa basalti, inayeyushwa kwa digri karibu 1500, inamwagwa juu ya magurudumu yanayozunguka mbio, nyuzi zinashikanishwa na gundi, zinakatwa. Lakini kinachozuia joto si jiwe. Ni hewa iliyokamatwa katikati ya nyuzi, haina pa kwenda. Nyumba ya majani ya koko ilifanya kazi ileile, bila kiwanda.

Na sisi? Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma. Watu zaidi ya laki moja wakabaki bila nyumba. Nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka paka mgongo wa mama na harufu. Kisha wazazi wakajenga tena juu ya lava ileile, ikingali na joto pengine: mbao kwa ukuta, manjanja juu. Siwalaumu. Manjanja ni nyepesi, inaenea haraka, na ukikimbia tena unaweza kuitoa na kwenda nayo. Ila tuko karibu metre 1500 juu ya bahari. Usiku joto ya nyumba inapita mu chuma isiyofika hata milimetre moja, na kifua cha mama kinajua. Chini ya miguu yetu kuko mabwe ya volkano, ndugu ya ile wanayeyusha kule ili walale vizuri.

Miye pia nilikosea. Vipande vilikuwa vikubwa kuliko nafasi, nikavisukuma kwa nguvu mpaka vikaingia. Ukiifinya hivyo, hewa inatoka, umebakia na jiwe tu. Tena sikuangalia matundu ya misumari. Mvua ya Novemba ikaingia, pamba ikanywa maji, plafon ikaanza kuinama juu ya kitanda. Nikatoa yote. Nikaziba matundu, nikaanika pamba, nikaikata kwa kipimo, nikairudisha bila kuifinya na kuacha nafasi chini ya manjanja. Mara hii nilivaa maski, gan na shati ya mikono mirefu.

Mama halalamikii tena baridi. Analalamika kwamba usiku hasikii mvua ikianza, na nguo zake zinalowana inje.