Kutengeneza Nyumba Kuukuu au Kuivunja: Mafunzo ya Pangani, Pumwani na Kaloleni



Katika mitaa ya Eastlands swali la nyumba kuukuu halina mwisho: je, zitengenezwe, au zivunjwe zijengwe upya? Wazee wetu walilikabili kabla yetu, na yaliyowapata yafaa kukumbukwa, ili atakayetoa shauri leo asitoe kwa kubahatisha.

Kijiji cha Pangani kilikuwa makao ya Waafrika tangu mji wa Nairobi ulipokuwa mchanga. Nyumba zake zilikuwa za miti na udongo, nyingi kwa mtindo wa pwani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Wenyewe, ambao miongoni mwao wanawake walikuwa wengi, walizijenga kwa fedha zao na kupata riziki kwa kodi ya vyumba. Lakini ardhi haikuwa yao. Wakuu wa mji walipoamua kwamba kijiji kiondoke, haikupimwa nyumba moja moja kujua ipi yahitaji kukandikwa na ipi yahitaji kuezekwa. Mwaka 1939 Pangani ilimalizika kuvunjwa. Wenye nyumba waliachiwa hiari: kujenga tena Pumwani, au kuhamia nyumba za baraza la mji. Wazee husimulia kuwa huko ndiko lilikotoka jina la Shauri Moyo. Nyumba za baraza zilikuwa imara kuliko za udongo, ila aliyehamia humo hakuwa tena katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Pumwani nayo, iliyopimwa baada ya Vita Kuu ya kwanza, ilifuata desturi ile ile: nyumba ya mwananchi, ardhi ya baraza. Hapo ndipo penye chanzo cha uchakavu wa Majengo. Mtu asiye na hakika ya ardhi hawezi kutia saruji na mawe; hutia udongo mwaka huu, na udongo tena mwaka ujao. Wapitao husema wenyeji ni wazembe, kumbe walikuwa wakipiga hesabu kwa busara.

Kaloleni ni habari nyingine. Mtaa huo ulijengwa na baraza katika miaka ya 1940, nyumba za chini zenye kuta imara, zikizunguka viwanja vya wazi. Katika ukumbi wake, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alitoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru. Miaka mingi ya kutotunzwa imeziba mifereji na kuharibu mapaa, na vibanda vya mabati vimejaa nyuani. Hata hivyo, ukuta uliosimama sawasawa haustahili kuhukumiwa kwa kosa la bomba bovu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao hawakusema uvunje nyumba kwa sababu ya ufa.

Wanaotaka kuvunja wana hoja ya haki pia. Nyumba za chini huweka watu wachache katika ardhi pana, na watoto wetu hawana pa kukaa. Kwa sababu kama hiyo mabweni ya zamani ya Kariokor yalipisha nyumba za ghorofa katika miaka ya 1960. Na katika mwaka 2020, huko huko Pangani, nyumba za zamani za baraza ziliondolewa ili kupisha mradi wa nyumba 1,562. Safari hii wapangaji wa zamani waliahidiwa kufikiriwa kwanza. Hiyo ni hatua mbele kuliko 1939. Lakini ahadi ni deni, na deni huandikwa.

Basi shauri letu ni hili. Fundi achunguze msingi, kuta, paa na mifereji. Vikiwa vizima msingi na kuta, nyumba itengenezwe. Ikibidi kuvunjwa, kwanza iandikwe orodha ya wakaao humo, pamoja na wajane na wapangaji wa chumba kimoja. Ijulikane kwa maandishi nani atarudi, lini, na kwa kodi gani. Pangani ya kale haikupotea kwa ubovu wa udongo wake. Ilipotea kwa kuwa wenye nyumba hawakuwa na hati ya kuonyesha. Kila mwanachama na aitafute karatasi yake sasa, kabla fundi hajaleta nyundo.