Soksi, Kiatu, Mlango
Hapa Langas, Eldoret, mdogo wangu alipopiga kelele wakati wa kuvalishwa viatu, majirani walikuwa na dawa moja: mchape, atanyooka. Nikadhani ni ushamba wetu wa mtaani. Kumbe miaka ya 1960, huko Los Angeles, mwanasaikolojia Ole Ivar Lovaas aliwafunza watoto wenye usonji kwa zawadi za chakula, lakini pia kwa makofi na shoti za umeme. Daktari mzima! Mwaka 1965 jarida la Life lilichapisha picha za kazi hiyo.

Eric Schopler wa North Carolina alishika njia nyingine. Wataalamu wengi walikuwa wakimlaumu mama. Yeye akawafanya wazazi walimu wenzake. Mwaka 1972 jimbo likaanza kugharamia programu yake, TEACCH, ambamo mtoto huonyeshwa kwa picha kinachofuata.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Nyumbani ni hadithi nyingine.

Mama alichora soksi, kiatu na mlango, akabandika kando ya kitanda. Ilichukua miezi. Siku hizi kijana huzigusa moja moja, anavaa, tunatoka. Ile ya soksi ikibanduka, hatoki mtu.